Ukichaguliwa Kwenda Ng'ambo Kikazi: Mwongozo kwa Vijana wa Nariokotome, Lodwar na Kakuma

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa zahanati, fundi wa pampu, mwalimu, afisa wa mifugo au mtangazaji wa redio wa Turkana aliyepata, au anayetafuta, nafasi ya kwenda nchi nyingine kwa wiki chache au miezi kadhaa akakae na wenzake wa kazi ile ile. Hii si safari ya kusomea shahada, wala si kibarua. Unakwenda ukiwa na kazi yako tayari, unaishi na wenyeji, unaona wanavyofanya, unawaonyesha mnavyofanya kwenu, kisha unarudi kituoni.

Safari za namna hii hazikuanza jana. Mwaka 1965 shirika la kimataifa la Rotary lilianzisha Group Study Exchange: kikosi kidogo cha vijana wa kazi mbalimbali, kikiongozwa na mwanachama mmoja wa Rotary, kilikaa wiki nne hadi sita katika nchi nyingine, na nchi hiyo nayo ikatuma kikosi chake. Mpango huo ulifungwa mwaka 2013, na badala yake vikaja vikosi vya mafunzo vinavyoundwa kwa ajili ya kazi moja maalum. Norway ina shirika la serikali liitwalo Norec (hadi 2018 liliitwa Fredskorpset), linalogharimia taasisi za nchi mbili zibadilishane wafanyakazi wa miaka 18 hadi 35. Marekani ilianzisha Mandela Washington Fellowship mwaka 2014 kwa viongozi vijana wa Afrika, ambao walikaa wiki sita katika chuo kikuu. Fedha na masharti ya mipango hii hubadilika serikali zinapobadilika, kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtu aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hulikosa. Mipango kama Norec haipokei mtu mmoja mmoja. Inapokea taasisi zilizoshirikiana. Ukitaka njia hiyo, usianze kwa kujaza fomu. Anza kwa msimamizi wako: hospitali, chuo, shirika la maji, misheni au idara ya kaunti. Muulize kama wana mshirika ng'ambo, na kama hawana, ni nani mnayeweza kumwandikia.

## Swali kwanza, sanduku baadaye

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Waliotoa wazo hilo ni watu wanaojua samaki kweli kweli; nchi yao imeishi kwa uvuvi karne nyingi. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto la Turkana kulidai umeme na maji safi kwa kiasi ambacho bei ya samaki haikuweza kukilipia, na ukame ulipobana, maji ya Ghuba ya Ferguson, palipokuwa na uvuvi mwingi, yakarudi nyuma hadi ghuba ikakauka. Wavuvi waliendelea kukausha samaki juani kama kawaida yao.

Ujuzi wa wale wageni haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mtu wa Kalokol aliyeketi mezani mapema na kuuliza: umeme wa kuendesha haya majokofu utatoka wapi, na nani ataulipia mwaka wa tatu? Safari yako ni nafasi ya kuwa mtu huyo. Unakwenda kuona jambo linavyofanyika kwao ukiwa na macho ya mtu anayejua joto, vumbi, umbali na bei za kwenu. Ukienda bila swali utarudi na picha, na vitu utakavyotamani tununue, ambavyo vitakufa kama kile kiwanda.

Fanya hivi, miezi mitatu kabla ya kusafiri ikiwezekana:

1. Kwa wiki mbili andika kila kinachokwama kazini kwako. Usichague, andika tu.
2. Wasomee wenzako orodha hiyo. Waulize ni lipi wangelitatua kesho kama wangeweza. Mhudumu wa afya wa kijiji na mlinzi wa kisima wawepo. Wao huona yasiyofika ofisini.
3. Chagua moja. Liandike kama swali ambalo mtu wa kazi yako kule anaweza kulijibu kwa kukuonyesha, si kwa hotuba.
4. Chini yake andika mipaka yenu: fedha, umeme, maji, vipuri, umbali hadi Lodwar, idadi ya watu.
5. Mtumie mwenyeji wako karatasi hiyo kabla hajapanga ratiba. Hili ndilo tendo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu ratiba ikishapangwa utazungushwa kwenye makumbusho na ofisi za mameya.

Tofauti ya swali zuri na baya ni hii. "Nataka kujifunza usimamizi wa maji" halishikiki. "Pampu zetu za nguvu za jua husimama mchanga ukiingia, mafundi wenu wa sehemu kame hukagua nini kila wiki, kwa vifaa gani, na nani huwalipa?" linashikika. Muuguzi anaweza kuuliza: "Mama anayehama na mifugo, mnamfikiaje kwa chanjo ya pili na ya tatu ya mtoto wake?" Na afisa wa mifugo anayekwenda Norway asikubali kuzungushwa kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa pekee. Aombe apelekwe kaskazini, Kautokeino, kwa Wasami wanaofuga kulungu wa kaskazini na kuhama nao kati ya malisho ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Huko atakuta wafugaji wanaobishana na serikali yao kuhusu njia za mifugo, migodi na mipaka. Mazungumzo yatakuwa ya watu wanaoelewana.

## Hakiki mwaliko

Kijana anayetamani kutoka ni windo rahisi, na neno "mabadilishano" limetumiwa vibaya. Mwezi Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi wake kuhusu mpango uitwao Alabuga Start nchini Urusi: wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi kadhaa za Afrika waliahidiwa kazi na masomo, wakafika na kujikuta wakiunda ndege zisizo na rubani za kivita. Waliodanganywa hawakuwa wajinga. Waliona tangazo zuri, tiketi ya bure na lugha ya kufundishwa.

ONYO: Simama na uulize zaidi ukiona dalili hizi

- Unaombwa pesa za "kushikilia nafasi" kwa M-Pesa ya mtu binafsi.
- Hakuna taasisi yenye jina na anwani inayokualika, au ipo lakini ukiipigia kwa namba uliyoitafuta mwenyewe haikujui.
- Wanataka wanawake tu, au wasichana wa umri mdogo tu, kwa kazi ambayo yeyote angeifanya.
- Mtu anataka akushikie pasipoti.
- Barua inasema mafunzo, lakini kwa mdomo unaambiwa mshahara. Penye mshahara pana ajira, na wakala wa ajira za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na National Employment Authority. Uliza huko.
- Hakuna tarehe ya kurudi wala tiketi ya kurudi.

Dalili moja pekee si hukumu, lakini mbili zikikutana usiende hadi mtu mwingine asiye na haja na safari hiyo asome karatasi zote: mwalimu wako wa zamani, padri, wakili, afisa wa kaunti.

## Karatasi

Watu wa kwetu hukwama hapa kuliko popote, na mara nyingi hukwama mwanzo kabisa: cheti cha kuzaliwa. Wengi walizaliwa nyumbani, mbali na hospitali, na hawakuandikishwa. Kitambulisho walikipata baadaye kwa barua ya chifu, na majina yakaandikwa kama karani alivyoyasikia. Ekal akawa Ekale kwenye cheti cha shule na Ekai kwenye kitambulisho. Ubalozi hautajua kwamba hao watatu ni mtu mmoja.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na usiruke:

1. Weka mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha kazi na kadi ya ubatizo kama unayo. Linganisha majina herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa.
2. Huna cheti cha kuzaliwa? Omba usajili wa kuchelewa. Jiandae na nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha shule au kadi ya ubatizo au ya kliniki, na barua ya chifu. Huduma Centre ya Lodwar itakuelekeza. Kama wazazi wamefariki au hawakuwahi kuwa na kitambulisho, nenda na mzee wa ukoo na chifu mapema. Jambo hili huchukua muda.
3. Majina yanatofautiana? Muulize wakili kama kiapo kinatosha au unahitaji kubadilisha jina rasmi. Usisahihishe kwa kalamu.
4. Omba pasipoti kupitia eCitizen. Jaza, lipa, chapisha fomu, chagua siku, kisha fika mwenyewe na karatasi asili kwa picha na alama za vidole. Kwa wengi wa Turkana ofisi iliyo njiani ni Eldoret; vinginevyo ni Nyayo House, Nairobi. Angalia kwenye eCitizen ofisi na ada za siku hiyo, kwa maana ada zimepanda miaka ya karibuni.
5. Pasipoti ikitoka, hakikisha ina zaidi ya miezi sita ya uhai baada ya tarehe ya kurudi.
6. Piga picha kila karatasi, jitumie kwa barua pepe, na mwachie ndugu mmoja nakala.

Anza hatua ya kwanza hata kabla ya kualikwa. Mtu mwenye pasipoti mkononi hupata nafasi iliyoachwa na asiyekuwa nayo.

KISANDUKU: Ukiwa mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei

Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na humo wamo walimu, wauguzi na mafundi wenye haki ya kubadilishana ujuzi kama mtu yeyote. Njia yako ni tofauti. Unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, itolewayo kwa mujibu wa Mkataba wa 1951, na maombi yake huanzia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Unahitaji pia kibali cha kutoka kambini hata kwa safari ya Nairobi kwenda ubalozini. Kabla ya kuanza, uliza mambo mawili kwa maandishi: je, ubalozi unaouendea unaikubali hati hiyo, na je, itakuwa hai siku ya kurudi Kenya? Usichukue pasipoti ya nchi uliyoikimbia ili kurahisisha mambo kabla ya kuongea na mshauri wa sheria wa wakimbizi. Hatua hiyo inaweza kuonekana kwamba umerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na hadhi yako ikatiliwa shaka.

## Viza

Fuata barua ya mwenyeji, si ushauri wa rafiki. Machache ya kushika:

- Nchi za Schengen (Norway imo): Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Bima ya afya ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Viza ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya siku 180. Ukikaa zaidi unahitaji kibali cha makazi, na hiyo ni kazi ya mwenyeji kuianza.
- Marekani: Mipango ya kubadilishana hutumia viza ya J-1, na mdhamini wako ndiye anayekupa fomu ya DS-2019. Ibebe mkononi, isiingie kwenye sanduku. Hutaruhusiwa kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya mpango kuanza. Soma kama viza yako ina sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Linawabana wengi waliogharimiwa na serikali, na halifutwi kwa kulalamika.
- Mahojiano: Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Unafanya kazi gani, nani anakualika, nani analipa, utarudi kufanya nini. Ile karatasi yako ya swali inajibu la mwisho vizuri kuliko maneno matamu.

## Ruhusa kazini na nyumbani

Omba likizo kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi. Mwalimu wa TSC na mtumishi wa kaunti hawaondoki nchini kwa makubaliano ya mdomo. Barua itaje kama mshahara utaendelea, nani atashika nafasi yako na tarehe ya kurudi.

Nyumbani nako kuna ruhusa. Mwambie baba, mama, mume au mke, na wale unaowalipia karo. Waeleze kwamba posho ya safari ni ya chakula na nauli, si mshahara wa ng'ambo. Ukilinyamazia hili, simu za kuomba pesa zitakufuata kila usiku, na utajinyima chakula ili utume.

## Afya

Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya safari. Nchi nyingi hudai kadi yake, na kadi hiyo sasa hudumu maisha. Beba dawa zako kwenye vifurushi vyake vya dukani pamoja na karatasi ya daktari. Ukipata homa kule, hata baada ya wiki tatu, mwambie daktari siku hiyo hiyo: "Natoka sehemu yenye malaria." Kule wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa malaria, na wataanza kwa kukupima mafua.

## Mzigo: vya kuacha

Utataka kubeba zawadi za nyumbani. Vikapu vya mkoma vilivyosukwa na mama zetu ni zawadi nzuri: vyepesi, havivunjiki, na vina hadithi. Vifute mchanga, viwe vikavu, na vitaje ukiulizwa na forodha. Ekicholong (kigoda cha mbao) nayo, ikiwa safi na haina wadudu, huwafurahisha wageni. Lakini hivi viache:

- Visukuku na mawe ya kale. Nariokotome inajulikana duniani kwa mifupa iliyofukuliwa hapa, na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakataza kutoa nchini vitu hivyo bila kibali. Hata kile kijiwe ulichookota ukichunga.
- Manyoya na mayai ya mbuni, na shanga za maganda yake, ngozi na pembe za wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali cha KWS, na nchi unayokwenda ina yake.
- Kisu cha mkononi na mkuki. Kisu kile cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono kikikutwa mwilini pale ukaguzini utazuiwa, hata kama ni cha ngoma. Ukikihitaji kwa maonyesho, ulizia shirika la ndege kabla, na kama wamekubali kikae kwenye sanduku la chini.
- Nyama kavu na maziwa. Ulaya haviruhusiwi.

## Kutoka Nariokotome hadi uwanja wa ndege

Ondoka Nariokotome siku nne kabla ya ndege yako ya kimataifa. Kukiwa na mvua, ondoka siku sita kabla. Laga (mto wa msimu) moja ikijaa kati ya Nariokotome na Lodwar inatosha kukukosesha safari ya mwaka mzima, na hakuna bima itakayokubali kwamba mto uliokuwa mchanga asubuhi ulikuwa maji jioni. Kutoka Lodwar, ndege ya ndani ni ghali lakini muulize mwenyeji kama analipa. Wengi hawajui kuwa ipo. Kwa basi, safiri mchana, hasa sehemu ya Kainuk hadi Marich. Lala Nairobi angalau usiku mmoja.

## Ukiwa kule

Kazini. Usitarajie kushika kila kitu. Muuguzi wa Kenya hana leseni ya kumgusa mgonjwa Norway au Marekani, na kukuzuia si dharau. Simama karibu, andika, uliza. Usipige picha ya mgonjwa, ya mtoto wa shule au ya karatasi ya ofisi bila ruhusa. Kule jambo hili humfukuzisha mtu kazi. Kila jioni andika mistari mitano: nilichoona, kinagharimu nini, kinahitaji nini, kwetu kitakwama wapi, nani nimuulize kesho. Swali la gharama uliulize bila haya. Wenyeji wako watakuonyesha mashine. Mlipaji na mkarabati wa mashine hiyo utawajua ukiuliza tu.

Waombe pia wakupeleke kwa wafanyakazi wa chini: anayesafisha vifaa, anayebeba vipuri, dereva wa gari la chanjo. Majibu mengi ya swali lako yapo kwao.

Nyumbani kwa wenyeji. Siku ya kwanza waambie usichokula na unachoogopa. Uliza saa za chakula, maji ya moto yanavyotumika, mlango unavyofungwa usiku. Wakisema saa kumi na mbili, ni kumi na mbili. Osha vyombo pamoja nao. Wakinyamaza mezani, hawajachukizwa. Familia nyingi za kaskazini mwa Ulaya huzungumza kidogo. Majira ya baridi jua hutoka kwa saa chache, na kaskazini kabisa halitoki kwa wiki kadhaa. Majira ya joto, huko kaskazini kabisa, halizami na usingizi hupotea. Huzuni inayokuja na giza hilo ni ya mwili. Toka nje mchana hata kama ni baridi, na mweleze mwenyeji wako ikizidi. Vaa nguo nyingi nyepesi juu kwa juu badala ya koti moja zito, na umwombe mwenyeji akuazime kabla ya kununua.

Utaombwa kuzungumza. Kanisani, shuleni, kwenye klabu ya Rotary, redioni. Watu wanaokusikiliza huenda hawatakutana na Mturkana mwingine maishani, kwa hiyo jiandae vizuri kuliko unavyojiandaa kwa mahojiano ya viza. Dakika kumi, picha nane, si zaidi.

Haya yanafaa kuwemo:

1. Turkana ni wapi, na ni watu wangapi: zaidi ya 926,000 katika sensa ya 2019.
2. Ziwa. Sehemu kubwa mno ya maji yake, karibu asilimia 90, huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Mbuga za ziwa hili ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa ya mto huo.
3. Nariokotome. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kando ya laga yetu, na hapo wakafukua mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa hiyo sasa iko Nairobi. Litaje jina la Kimeu. Wasikilizaji wako watakuwa wamesikia la Leakey tu, aliyeongoza utafiti, lakini jicho lililoona lilikuwa la Kimeu, mtoto wa Ukambani aliyejifunza kazi hiyo uwanjani. Mwaka 1985 alialikwa Ikulu ya Marekani, na Rais Reagan akamkabidhi medali ya National Geographic. Ni mfano wa mtu aliyekwenda ng'ambo kama bingwa wa kazi yake.
4. Kazi yako, kwa siku moja ya kawaida, kuanzia asubuhi.
5. Swali lililokuleta.

Usionyeshe picha ya mtoto mwenye njaa. Mzazi wake hakukupa ruhusa, na wasikilizaji wakishaona picha hiyo hawataona kingine chochote. Utakuwa mtu wa kuhurumiwa wiki zote zilizobaki. Ukiulizwa kuhusu ukame, jibu kwa ukweli: mifugo hufa, watu huteseka, na hivi ndivyo wafugaji wanavyojipanga. Sahihisha bila ukali. Watakuuliza kuhusu mitambo mikubwa ya upepo ya Ziwa Turkana: iko ng'ambo ya ziwa, kaunti ya Marsabit. Mafuta yaligunduliwa upande wetu, Ngamia 1, mwaka 2012. Na kama wewe ni mtu wa afya, jiandae kuulizwa kuhusu hidatidi, ule uvimbe unaotokana na mnyoo wa mbwa. Madaktari wengi wa nje wanalijua jina la Turkana kwa ugonjwa huo, na shirika la afya la Amref lilipambana nao hapa miaka ya 1980.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuahidi. Mwenyeji mwema akikuuliza "tuwasaidieje?" usitaje gari wala jengo mezani. Sema utarudi, uwaulize wenzako, kisha mwandike pamoja.
- Kukubali vifaa vilivyotumika bila kuuliza vipuri, volti na ushuru. Mashine ya Marekani ya volti 120 haifai kuchomekwa kwenye soketi yetu ya 240.
- Kutotoka chumbani kwa aibu ya Kiingereza. Kiingereza cha wengi wao pia ni cha shuleni.
- Kushinda na Wakenya wa kule kila jioni. Mara moja kwa wiki inatosha; umealikwa na wengine.
- Kutafuta kubaki. Ukivunja masharti ya viza, adhabu haiishii kwako. Mwenyeji atasita kumwalika mwingine kutoka Lodwar, na huyo mwingine hatajua kwa nini alikataliwa.

## Ukirudi

Katika wiki mbili za kwanza fanya mambo matatu, kwa mpangilio huu. Kaa na wenzako wa kituo kabla ya mkubwa yeyote, uwaeleze ulichoona na wakuulize. Chagueni jambo moja dogo mnaloweza kujaribu kwa vifaa mlivyonavyo: daftari la ukaguzi wa pampu kila Jumatatu, au kadi ya chanjo inayobaki na mama na nakala kwa mhudumu wa kijiji. Kisha andika ripoti ya kurasa mbili, Kiswahili kwa kituo na Kiingereza kwa mdhamini, iseme pia yale uliyoyaona kule ambayo hayatufai, na sababu zake.

Na zamu yao itafika. Bila sehemu hii haikuwa mabadilishano, ilikuwa ziara. Mgeni wako wa kazi akija Nariokotome:

- [ ] Aombe kibali cha kuingia kwa mtandao. Kenya iliondoa viza za wageni Januari 2024 na kuweka kibali hicho. Akija kufanya kazi nanyi, hata bila malipo, ulizieni Idara ya Uhamiaji kibali maalum. Akija kukusanya takwimu, lazima awe na leseni ya utafiti ya NACOSTI.
- [ ] Ajulishwe kwa chifu, kwa msimamizi wa kituo na kwa wazee kabla ya kupiga picha yoyote. Anayepigwa picha aulizwe mwenyewe.
- [ ] Alale mahali penye maji safi na chandarua. Misheni na vituo vya watafiti vimezoea wageni, waandikie mapema.
- [ ] Aje na swali lake la kazi, kwa maandishi, kama ulivyofanya wewe.
- [ ] Apangiwe siku moja kwenye awi (boma) ya mfugaji, kuanzia kukamua hadi mifugo inaporudi, akiwa na mkalimani anayelipwa.
- [ ] Awekewe siku mbili za mwanzo bila kazi, kwa ajili ya joto, na mtu wa kumhimiza anywe maji.
- [ ] Gari la kumrudisha Lodwar liwekwe siku nne kabla ya ndege yake, sita kukiwa na mvua.